Dola 320 za likelemba

Agosti 2022, mama mmoja mwenye sekretaria ya kuchapa kazi za wanafunzi aliingia kwenye kibanda chetu cha kutengeneza kompyuta, Birere, hapa Goma, na laptopu yake, ThinkPad T430, aliyoizungushia kitenge kuikinga na vumbi. Zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana pesa, ilikuwa imefika. Mkononi alikuwa na dola 320, na mlango wa tatu kutoka kwetu kulikuwa na ThinkPad T480, mpya kuliko yake ila ya mtumba, kwa bei hiyo hiyo.

"Kaka, hii imenichosha. Mwanafunzi anasubiri TFC yake, kazi yake ya kuhitimu, mashine inazunguka tu. Nichukue ile ao nifanye nini?"

"Mama, kaa kwanza. Tuiulize yenyewe."

Tuliiwasha na saa ya simu mkononi: dakika 4 na sekunde 10 mpaka skrini ikakubali kubofywa. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, kuona nini kinaishughulisha mashine. Prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa asilimia 12. RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi, ilikuwa GB 3.4 kati ya 4. Disiki ilikuwa asilimia 100, lakini ikisoma MB 2 tu kwa sekunde, wakati disiki isiyo na ubovu ya aina ile husoma karibu MB 100. Watu wakiona mashine ya mwaka 2012 hulaumu prosesa, na hapo pesa nyingi hupotea. Prosesa ya mama ilikuwa imekaa bure ikiisubiri disiki.

CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya disiki, ikaonyesha rangi ya njano. Kwenye mstari wa C5, sehemu za disiki zinazoshukiwa kuwa mbovu, kulikuwa na 30. Kijana tunayefanya naye kazi akasema thelathini si nyingi. Programu hiyo, usipoibadilisha, huandika namba kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 30 ile ni 48. Na hata ingekuwa tano, disiki yenye kazi za watu haiachwi hivyo.

Kabla ya kuamua tukaenda naye kuiona T480. Muuzaji alituruhusu kuiwasha. Ni mashine nzuri, sitaki kuidharau: prosesa yake, i5-8250U, ina koa nne (viini vya kufanyia kazi), ile ya mama, i5-3320M, ina mbili. Mama alisoma GHz 1.6 kwenye tangazo, akashangaa kwa nini mpya iko chini ya yake yenye 2.6. Ile ni kasi ya msingi tu. Kazi ikizidi, mpya hupanda hadi 3.4 na ya zamani hadi 3.3. Tofauti kubwa iko kwenye wati: mpya imetengenezwa kwa wati 15, ya zamani 35, na katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, hilo ni jambo la kupimwa. Tena T480 inakubali Windows 11. T430 haiingii kwenye orodha, na Windows 10 ilikuwa imeshatangaziwa mwisho wake, 14 Oktoba 2025. Yote hayo nilimweleza, maana kumficha mteja upande mmoja wa mizani ni kumwibia.

Kisha, kwenye ile T480, nikaandika powercfg /batteryreport, amri ya kutoa ripoti ya betri. Betri ya ndani, iliyozaliwa na Wh 24, ilikuwa imebaki na 9. Nikaizima, nikaiwasha tena huku nagonga F1: BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine, ikaomba nenosiri la msimamizi. Muuzaji hakulijua. Mashine za mtumba nyingi hutoka maofisini, na ufunguo huo ukibaki kwa mwenye mali wa kwanza, siku ukihitaji kubadilisha kitu ndani ya BIOS umekwama. Kutoa betri ndogo ya CMOS, inayotunza mipangilio ya BIOS, hakuufuti kwenye ThinkPad, hata mtu akuapie.

Lakini kilichomwamulia mama ni kibodi. Ile ya T480 ilikuwa QWERTY, mpangilio wa herufi wa Uingereza. Yake ni AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, herufi E imefutika kabisa, na alama ya é imebaki kivuli cheupe. Aliweka vidole kwenye T480, akachapa "développement" bila kutazama, akainua macho kwenye skrini. Hakusema kitu. Vibandiko vya herufi vinauzwa, ila kwa mtu anayechapa kutwa nzima vinabanduka, na mkono uliozoea hauangalii vibandiko.

Tukarudi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuokoa mafaili. Disiki inayokufa usiipe kwanza chkdsk, amri ya Windows ya kukagua disiki, utaichosha bure. Nilitumia robocopy, amri ya kunakili mafaili, na /R:1 /W:1: ijaribu tena mara moja, isubiri sekunde moja. Usipoweka hivyo, ikikutana na faili bovu itajaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. GB 11 zilitoka. Mafaili mawili yalikataa, yote ya mwaka 2019, na mama akasema wenyewe walishahitimu.

Kuitoa disiki ya T430 ni skrubu moja: unafungua kifuniko cha pembeni, unavuta ulimi wa plastiki. Usitupe zile raba mbili za pembeni, SSD, disiki isiyo na kitu kinachozunguka ndani, bila raba hucheza na kuachia kiunganishi. Tuliweka SSD ya GB 240 na kuongeza kipande cha RAM cha GB 4. Sikunakili mfumo mzima kutoka kwenye disiki mbovu. Nilisimika Windows 10 upya, nayo ikajiwezesha yenyewe ilipopata intaneti, kwa sababu leseni yake imeshikamana na ubao mama.

Nilifungua pia kibodi na feni. Kati ya feni na mapezi ya shaba nilikuta vumbi jeusi la lava limejikunja kama kipande cha blanketi, refu kama kidole. Nilitoa kwa kibano, nikafuta dawa ya joto iliyokauka, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Joto likishuka, feni nayo inanyamaza.

Tuliiwasha tena: sekunde 19, kisha Word ikafunguka kabla mama hajavuta kiti.

SSD dola 38, RAM 12, kazi 15. Alihesabu 255 zilizobaki, akazifunga kwenye pembe ya kitenge. Akauliza kama zingetosha betri na inveta ya kuendesha printa yake ya leza umeme ukikatika. Leza ikipasha joto inavuta mamia ya wati kwa mara moja, inveta ndogo huzima hapo hapo. Nikamwomba arudi sekretaria, asome kibandiko nyuma ya printa, aniletee namba.