Macho ya Kijivu

"Mama, mbona kwenye picha zote Kijivu ameweka kichwa upande?" Mwanangu aliuliza hivyo jana akipekua simu yangu. Nikamjibu kwamba paka wetu aliwahi kuugua kabla yeye hajazaliwa, akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki na siku ile.

Ilikuwa alfajiri. Nilisikia kishindo, kisha kucha zikikwaruza sakafu. Nikamkuta anajaribu kusimama kwa kuegemea ukuta, anaangukia kulia, anajiinua, anaangukia kulia tena. Kichwa kimelalia upande huohuo, sikio karibu liguse bega. Alikuwa ametapika. Nikapiga magoti, nikamshika kidevu taratibu, ndipo nikayaona macho. Yote mawili yalikuwa yanacheza: yanateleza polepole kuelekea kulia, kisha yanaruka ghafla kushoto. Yanateleza, yanaruka, bila kupumzika. Nilipomwita jina, masikio yalisogea. Alinijua, ila hakuweza kunikazia macho. Alitandaza miguu yote minne, kucha zimezama kwenye zulia, kana kwamba nyumba nzima inazunguka na yeye ndiye anayeizuia.

Kilichonijia kwanza akilini ni kifafa. Lakini kifafa kikimshika paka mwili mzima, kwa kawaida hupoteza fahamu, miguu hupigapiga, mate humtoka, hata mkojo. Huyu alikuwa na fahamu zake. Nikarekodi video fupi, maana dalili za namna hii huweza kutoweka mkifika kwa daktari. Nikamlaza kwenye boksi, nikaviringisha taulo kandokando asijigonge. Sikumpa dawa yoyote.

Swali la kwanza la daktari wa mifugo: amepakwa dawa ya viroboto ya mbwa? Hapana. Aliuliza kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu, na ini la paka hushindwa kuivunja. Paka hutetemeka, hupata degedege, na anaweza kufa. Akamulika masikio, akapima presha. Kisha akafanya jambo dogo ambalo sijalisahau: akaukunja unyayo wa Kijivu, mgongo wa unyayo ukagusa meza. Kijivu akaugeuza papo hapo. Akajaribu mguu mwingine, ikawa vilevile.

"Ubongo bado unajua miguu iko wapi," akasema. Na macho yanacheza kwa ubavu, si juu na chini. Vyote hivyo vilielekeza kwenye kiungo cha mizani ndani ya sikio. Usaha hakuuona, wala uvimbe. Mara nyingi, alisema, paka wenye dalili hizi huanza kupata nafuu ndani ya siku chache na kupona kwa wiki mbili au tatu, bila chanzo kujulikana.

Akampa dawa ya kichefuchefu, tukarudi. Nilimlisha kwa mkono na kuziba ngazi. Macho yalitulia kwanza, miguu ikafuata. Kichwa hakikunyooka tena.

Picha ya MRI, ya kuangalia ndani ya kichwa, ingetaka alazwe kwa nusukaputi, na kwa kuwa alikuwa anaendelea vizuri, hatukuifanya. Naamini ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa kutojua kilichompata bado kunanisumbua. Daktari alisema hali hiyo inaweza kumrudia. Video nimeihifadhi, ikitokea tena, nataka kulinganisha macho yanarukia upande gani.