Kuitwa kwenye jopo la mahakama mjini Houston

Kwa mtu aliyekulia Tanzania, bahasha ya mahakama yenye jina lake humaanisha kesi, na ndiyo maana barua ya kuitwa kwenye jopo, yaani kundi la raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, huwashtua wengi wetu tunaoishi Texas. Majina huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la wapiga kura na orodha ya wenye leseni za udereva au vitambulisho vya jimbo, na kwa kuwa leseni hupewa hata asiye raia, wapo wenye kadi ya kijani wanaoipokea barua hiyo. Asiye raia asiipuuze, wala asiende kukaa kwenye jopo kwa kuona aibu kusema ukweli. Ajibu kwamba si raia, naye ataachwa. Ajue pia kuwa majina ya wanaoachwa kwa sababu hiyo hupelekwa kwa wanaosimamia daftari la wapiga kura, hivyo aliyejiandikisha kupiga kura kabla ya kuapa uraia atakuwa amejipalia makaa. Na akipiga mtu simu akidai kuwa hukufika mahakamani na utakamatwa usipolipa mara moja kwa kadi za zawadi, huyo ni tapeli.

Mimi niliitwa nikiwa raia tayari. Kesi yenyewe haikuwa kubwa: mtu alishtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, kosa ambalo kwa anayeshtakiwa mara ya kwanza linaweza kumpeleka jela ya kaunti hadi siku 180 na kumtoza faini hadi dola 2,000. Makosa ya ngazi hiyo huamuliwa na watu sita, wakati yale makubwa huhitaji kumi na wawili, na katika ngazi zote mbili ni lazima wote wakubaliane.

Kilichonikaa zaidi kichwani ni maswali tuliyoulizwa kabla ya sita hao kuchaguliwa. Tuliketishwa kwenye mabenchi, kila mmoja ameshika kibao chenye namba, na mawakili wa pande zote mbili wakatuhoji mbele ya mshtakiwa mwenyewe, aliyekuwa amevaa suti iliyompwaya mabegani. Nani amewahi kufiwa kwa ajali iliyosababishwa na mlevi? Nani haamini neno la polisi, au huliamini kuliko la mtu mwingine yeyote? Kisha wakili wa utetezi akauliza ni nani kati yetu anaona kwamba mtu asiye na hatia angesimama na kujieleza. Vibao vingi viliinuliwa, cha kwangu kikiwemo, maana kwetu mtoto anayenyamaza anapoulizwa ameshajihukumu. Hakutukemea. Alitueleza kwamba sheria inampa mshtakiwa haki ya kutofungua kinywa, kwamba kimya chake hakiruhusiwi kuhesabiwa dhidi yake, kisha akamrudia kila aliyeinua kibao na kumuuliza kama anaweza kuifuata sheria hiyo hata asipoipenda. Mama mmoja mtu mzima alisema wazi kwamba hawezi, akashukuriwa na kuachwa aende. Mimi nilisema naweza, na kuanzia hapo nililichukulia jibu lile kama deni.

Baada ya hapo kila upande unaruhusiwa kuwakataa watu watatu bila kutoa sababu, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1986 katika kesi ya Batson hairuhusiwi kumkataa mtu kwa ajili ya rangi yake. Nilidhani lafudhi yangu ingeniondoa. Haikuniondoa.

Nyumbani tuliwazoea wazee wa baraza, ambao kwa miaka mingi waliketi na jaji wa Mahakama Kuu katika kesi za mauaji na kumpa maoni yao, lakini jaji hakufungwa nayo. Kenya ya wakoloni ilikuwa na jopo la aina hii ya Marekani, ila kwa Wazungu tu; Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee, utaratibu ambao Kenya iliufuta mwaka 2007. Hapa, jopo likisema mtu hana hatia, jaji hana la kubadilisha.

Ushahidi ulikuwa hasa video ya kamera ya askari. Mshtakiwa alikuwa amekataa kupuliza kipimo cha ulevi, na Texas inaruhusu kukataa huko kupimwe kama ushahidi, tofauti na kunyamaza kwake mahakamani. Alitakiwa atembee hatua tisa kisigino kikigusa vidole, ageuke, arudi tisa. Tuliiangalia sehemu hiyo mara kadhaa katika chumba chetu cha mashauriano. Aliyumba kwenye kugeuka, hilo halina ubishi, lakini alikuwa ukingoni mwa barabara kuu usiku, malori yakipita kwa kasi kiasi cha kupeperusha shati lake, na maneno yake yalitoka yamenyooka. Wawili wetu walikuwa na hakika kwamba alikuwa amelewa. Mimi niliona huenda alikuwa amelewa, lakini upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe pasipo kuacha shaka, na “huenda” haifiki huko. Tulibishana hadi jioni, kisha tukaafikiana kwamba hana hatia.

Malipo ni dola 20 kwa siku ya kwanza na 58 kwa kila siku inayofuata, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 kutoka 6 na 40; mwajiri binafsi hapaswi kukufukuza kwa sababu ya wito huo, ila halazimiki kukulipa siku hizo, jambo linalowaumiza wanaolipwa kwa saa.

Jaji alipotufungua tuliruhusiwa kuzungumza na yeyote. Mwendesha mashtaka, kijana tu, alitufuata kwenye korido akiwa na daftari na kutuuliza ni wapi alishindwa kutushawishi, na mmoja wa wale wawili waliokuwa na hakika ndiye aliyemweleza kuhusu malori.