Nilikwenda kuulizia kipandikizi, nikaulizwa nimekula nini

Mimi ni mkulima wa korosho, Tandahimba, miaka 54, na kisukari ninacho mwaka wa tisa. Nguvu za kiume zilipungua polepole, mpaka msimu mmoja wa mnada ukaisha hela ninayo, kitandani sina kitu. Nikakaa kimya. Nikanywa mkuyati, nikawa mteja wa supu ya pweza kila nikishuka Mtwara mjini, nikalamba na vumbi la Kongo la stendi. Vidonge vya duka la dawa nilimeza mara tatu, hola. Mama Zuhura akaamini nimeoa pengine, na hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Shemeji yangu wa Dar ndiye aliyenitajia vipandikizi vya uume, vifaa vinavyowekwa ndani kwa upasuaji ili usimame. Nikapanda gari kwenda kumwona daktari Mtwara, nimeshaamua. Naingia, namkuta binti, rika la mwanangu wa pili. "Shikamoo baba." Nilitaka kusema nimekuja kwa ajili ya kiuno.

Nikasema ukweli, macho yakiwa sakafuni. Akanieleza bila kucheka. Kuna cha vijiti viwili unavyovikunja na kuvinyoosha kwa mkono, na kuna cha maji, ambacho kipo tangu 1973: kimfuko cha maji hukaa tumboni, kipampu kwenye mfuko wa korodani, ukikiminya maji yanajaa kwenye uume. Hakileti hamu wala hakiongezi urefu. Na kikishawekwa, nyama za ndani zinaharibika, hata ukija kukitoa usitegemee kusimama kwa asili. Sukari ikiwa juu, hatari ya kuoza ndani inaongezeka. Yangu asubuhi ile ilisoma 14.

"Vile vidonge ulivimezaje, baba?"

"Nilikula, nikameza, nikalala nikasubiri."

"Ulikula nini?"

"Wali wa nazi na samaki wa kukaanga."

Hapo ndipo alipocheka. Kumbe mafuta mengi yanachelewesha dawa. Inatakiwa umeze kama saa moja kabla ya tendo, tumbo likiwa jepesi, na kidonge peke yake hakisimamishi kitu mpaka mwili uchokozwe. Mimi nilikuwa nalala chali naangalia dari! Muuzaji hakuniambia lolote, wala hakuniuliza kama natumia dawa za moyo zenye nitrati, ambazo zikikutana na vidonge hivyo presha inaweza kuporomoka hadi mtu afe. Daktari aliniuliza, akanipima presha na moyo, maana mishipa ikiziba huku chini, ya moyo nayo huenda iko njiani.

Miezi mitatu nilihangaika na sukari tu. Safari ya pili nilikwenda na Mama Zuhura, akauliza maswali kunizidi.

Si kila siku dawa inakubali. Ikigoma kabisa, kuna sindano na pampu ya kuvuta hewa kabla ya kisu, na kipandikizi bado sijakifuta kichwani. Ila siku hizi nikiona saa kumi na mbili jioni nimewekewa ugali na mlenda mtupu, bila nazi, naelewa.