Huduma za kanisa zinazostahili tuzo, na kwa nini tuzo zinatoka mbali

Jamani, mwaka 2019 kuna sista Mkenya alipewa tuzo ya dola milioni 1 kule Marekani na huku kwetu habari ikapita hivihivi. Mimi niliipata kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, mtu kaforwadi picha tu bila maelezo, na tangu hapo nimekua nasoma kila nnachokipata kuhusu yule sista manake niliona kabisa hii ni habari yetu, inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu waliompa hela.

Anaitwa Sista Catherine Mutindi, wa shirika la masista wa Mchungaji Mwema, na kazi yake iko Kolwezi, mkoa wa Lualaba, kusini mwa Kongo, mji ambao watu wake wanaongea Kiswahili kama sisi ila cha kwao wenyewe. Programu aliyoianzisha pale mwaka 2012 inaitwa Bon Pasteur. Tuzo yenyewe ni Opus Prize, inatolewa kila mwaka kwa watu wanaofanya kazi za huduma kwa msukumo wa imani, na wanaitoa kwa kushirikiana na chuo kikuu cha kikatoliki, mwaka ule ilikua Saint Louis University. Kitu nilichokipenda ni kwamba tuzo hii haiombwi. Hakuna fomu, hakuna kuandika propozali wala kujipigia debe, kuna watu wanapendekeza kimyakimya, alafu wanatumwa watu wakiwemo wanafunzi wa hicho chuo waende mpaka kwenye kazi yenyewe wakaone kwa macho yao. Yaani wanakufuata ulipo ukiwa unafanya kazi yako ya kila siku.

Sasa Kolwezi ni wapi na kwa nini. Chini ya ule mji kuna kobalti, ile inayoingia kwenye betri za simu na za magari ya umeme, na Kongo peke yake inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Kuna makampuni makubwa yana mashine zao, lakini kuna pia maelfu ya watu wanachimba kwa mikono, sururu na koleo, na pembeni yao watoto. Watoto wanaokota mawe kwenye mabaki, wanayachambua, wanayaosha mtoni wakiwa wamesimama kwenye maji masaa na masaa, wanabeba viroba mpaka kwa mnunuzi, na mnunuzi ndo anapanga bei. Mtoto wa miaka tisa hawezi kubishana na mwenye mizani.

Wengi wakifika sehemu kama ile wanafanya kitu kimoja, wanamtoa mtoto, wanampa sare na madaftari, wanapiga picha, wanaandika ripoti, na muhula unaofuata mtoto karudi mtoni. Karudi kwa sababu ile hela yake ndogo ndo ilikua unga wa nyumbani, na sare hailiwi. Kina sista walienda mbele zaidi ya hapo, na ndo maana nasema hii kazi inastahili kila sifa inayopewa. Mtoto anapewa masomo na chakula, sawa, lakini mama yake nae anafundishwa kusoma na kuandika, anafundishwa kushona, familia zinaingizwa kwenye kilimo, mahindi, mboga, mifugo. Hapo kwenye kilimo naomba tukae kidogo manake watu wa mbali hawaoni uzito wake. Ukanda mzima ule watu wengi wameacha jembe wakakimbilia mgodi, na unga mwingi unatoka Zambia, kwa hiyo familia inachimba ili inunue chakula ambacho ardhi yao wenyewe ingeweza kukitoa. Ukiirudishia ile familia shamba umeigusa sababu yenyewe inayompeleka mtoto mtoni. Na juu ya hapo wanafundisha watu haki zao, mzazi ajue kwamba kuna sheria, ajue pa kwenda akinyanyaswa, na kwenye mji wa migodi kumfundisha mtu maskini haki zake sio kazi ya kukuletea marafiki.

Kabla ya Sista Mutindi tuzo hiyohiyo ilishakuja ukanda wetu. Mwaka 2008 ilienda Ruyigi, Burundi, kwa Marguerite Barankitse ambae watu wanamwita Maggy. Wengi wanaijua habari yake nusu tu. Tarehe 24 Oktoba 1993, siku chache baada ya Rais Ndadaye kuuawa, watu waliokua wamekimbilia nyumba ya askofu pale Ruyigi walivamiwa, wakauawa 72 mbele ya macho ya Maggy akiwa amefungwa kwenye kiti. Yeye Mtutsi, waliovamia Watutsi, aliokua anawaficha Wahutu. Akaokoa watoto 25, na hao ndo mwanzo wa Maison Shalom, makao yake ya kulelea watoto.

Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni alichofanya miaka iliyofuata. Hakutaka watoto wakae kwenye bweni refu lenye vitanda mia na jina la mfadhili ukutani, alitaka ndugu wakae na ndugu zao kwenye nyumba ndogondogo kama familia, wakubwa wakiwalea wadogo. Alafu akaweka pale Ruyigi, sehemu ya mbali kabisa, ukumbi wa sinema na bwawa la kuogelea, na mwaka 2008 ikafunguliwa hospitali ya Rema. Najua kuna watu wataguna, bwawa la nini kwa yatima? Mimi nasema ndo penyewe hapo. Mtoto aliyeona yale ana haki ya kucheka na kupiga mbizi kama mtoto mwingine yeyote, na huduma inayompa maskini vilivyobaki tu, nguo zilizochakaa, maziwa yaliyokaribia kuexpaya, hiyo bado haijamheshimu. Mwaka 2015 ilibidi aikimbie nchi yake, akahamia Rwanda, na kazi ikaanza upya kwa wakimbizi wa Burundi, wakiwemo wa kambi ya Mahama. Mwaka 2016 akapewa tuzo ya Aurora, ya watu wanaookoa maisha ya wengine, wa kwanza kabisa kuipata, kule Yerevan, Armenia. Armenia jamani! Mpaka Waarmenia wamemuona, na mimi naamini ukisimamisha watu kumi hapa Kariakoo saa hizi ukawauliza Maggy ni nani hupati hata mmoja.

Hapo ndo roho inaniuma. Sio wivu na wazungu, watoe tu Mungu awabariki, hela zinafanya kazi. Ila sisi tunaoishi na hawa watu, tunaopishana nao getini kwa padri, tunangojea mtu apande ndege aje atuambie kwamba jirani yetu anafanya jambo kubwa.

Nikitazama hapa Dar nilipo, kuna PASADA, huduma ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ipo Chang'ombe, Temeke. Ilianza mwaka 1992 na ilianza na kikundi kidogo cha wenyewe wenye maambukizi waliokua wanatafuta pa kukutana na kutiana moyo, kanisa likawapokea. Fikiria mwaka 1992 ulivyokua. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo kwa mtu wa kawaida, serikali ilikuja kuanza kuzitoa bure 2004, kwa hiyo miaka kumi na kitu kumhudumia mgonjwa ilikua ni kumwosha, kumgeuza, kumlisha, kumsikiliza, na kukaa nae mpaka mwisho, wakati mwingine ndugu zake mwenyewe wamemwekea sahani yake na kikombe chake pembeni. Waliofanya ile kazi walikua watu wa kawaida wa mitaani, kina mama wengi wao. Wengi wa wale wamezeeka sasa na wengine hatunao, na sijawahi kuona mahali majina yao yameandikwa yakasomwa.

Kwenye jumuiya yetu yupo mama mmoja mhudumu wa wagonjwa majumbani, sitamtaja manake hatopenda. Niliwahi kumsindikiza siku mbilitatu mwenzake alipokua anaumwa. Ana mkoba wa kitambaa, ndani kuna kaunta buku, glavu chache, sabuni ya kipande, na juu kabisa ameweka fungu la mchicha majani yakichungulia nje. Nikamuuliza mama huo mchicha wa nani, akaniambia wa mgonjwa, lakini pia majirani wakiuona wanajua nimekuja kusalimia tu. Basi. Tukafika kwa mzee mmoja, nae ni muislamu, mama kapiga hodi na salamaleko vizuri kabisa, kakaa kwenye kigoda, wakaongelea kwanza mvua na bei ya mkaa na mjukuu aliyefaulu, robo saa nzima, ndo kwa sauti ya chini akaomba kile kikopo. Akamwaga vidonge kwenye kiganja akavihesabu kwa kuvisukuma kidole kimoja kimoja, akaangalia tarehe kwenye kadi ya kliniki, akaviona vimezidi. Hakugomba. Akamuuliza tu, baba, usiku unakula nini siku hizi? Kumbe mzee anaruka dozi siku anazolala bila kula, manake akimeza na njaa anasikia kizunguzungu. Mama akaandika kwenye kaunta buku, na kesho yake nikasikia jumuiya imepeleka unga na dagaa. Hiyo sio kazi ya kubahatisha, mle ndani kuna ujuzi wa miaka mingi, lakini ukiuliza anacholipwa, ni cheti na kitenge siku ya somo wa parokia, na nauli ya daladala anatoa mfukoni mwake.

Na huyu mzee muislamu nimemtaja kwa makusudi. Kwangu mimi huduma ya kanisa inayomuuliza mtu dini kabla ya kumpa kikombe cha uji, hata iwe na majengo mazuri namna gani, siipendekezi kwenye tuzo yoyote. Wakubwa wetu walilielewa hili zamani. Nenda kwenye hospitali za kanisa, nenda Bugando pale Mwanza, nenda KCMC Moshi, nenda Haydom kule Mbulu ambako Walutheri wapo tangu miaka ya 50, kwenye foleni utakuta kanzu, rozari na shuka la kibarbaig kwenye benchi moja. Serikali nayo inajua, ndo maana kuna hospitali za kanisa zimekua hospitali teule za wilaya kwa miaka na miaka.

Kitu kingine ninachokiangalia ni hela. Samahani kama nitawaudhi baadhi ya watumishi lakini mradi wa huruma ambao waumini hawajui umeingiza shilingi ngapi na umetoa ngapi unaniogopesha. Bandikeni tu karatasi kwenye ubao wa matangazo mlangoni mwa kanisa, hata iwe imeandikwa kwa mkono, tulipokea hiki, tulinunua hiki, kimebaki hiki. Kuna parokia zinafanya na sadaka zao za Kwaresima zinapanda kila mwaka, manake watu wakiona wanatoa.

Alafu namwangalia anaehudumiwa, ana sauti kiasi gani. PASADA ilianza na wagonjwa wenyewe. Kolwezi wazazi wanalima na wanajua haki zao. Kwa Maggy watoto waliolelewa walikuja kua wafanyakazi pale pale. Mahali ambapo miaka kumi inapita na waliokua wanapokea bado wanapokea tu, wakipangwa mstari kila Krismasi kupokea kilo mbili za mchele mbele ya kamera, pale kuna huruma sikatai, lakini sio pale ningepeleka tuzo.

Sasa ningependa tufanyeje. Sio lazima dola milioni. Parokia au usharika unaweza kuchagua mwaka huu programu moja tu, ya kwake au hata ya jirani wa dhehebu lingine, na ikachaguliwa kwa namna ileile ya wale wa Opus, bila fomu, watu wawili watatu waende wakae nao siku nzima wakaone, na wawaulize wanaohudumiwa bila kiongozi kuwepo. Na zawadi iwe kitu cha kuwasaidia waendelee, bima ya afya kwa wale wahudumu maana wanashinda na wagonjwa na wakiugua wenyewe wanahangaika, nauli ya mwezi, gambuti za masika manake huku kwetu mvua ikinyesha njia hazipitiki. Majina yasomwe kanisani Jumapili misa zote, kwa anaeridhia, asieridhia tumwache na siri yake na mchicha wake.

Nimeshaandika barua kwa katibu wa halmashauri walei wa parokia yetu nikaomba hili liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho, na nimeanza na bima, nimeandika na makadirio ya watu sita. Nyie wa kwingine, iwe Kigoma, Mombasa, Bukavu, kama kuna huduma mnaijua niandikieni inafanya nini na iko wapi, na nini kimebadilika kwa watu wanaohudumiwa. Zilizo hapa Dar ntaenda mwenyewe kuziona.