Macho ya Jerry Orbach

Jerry Orbach, mwigizaji wa Marekani, nilimjua kwanza kama Lennie Briscoe, yule mpelelezi mwenye uso wa uchovu kwenye Law & Order, tamthilia ya televisheni. Mama alimwita "mzee wa vijembe", maana hata mbele ya maiti hakosi neno. Mimi nilidhani ni polisi mstaafu waliyemwekea kamera tu. Kumbe mtu wa jukwaani, tena mwimbaji! Mzaliwa wa Bronx, New York, 1935. Mwaka 1960 alikuwa El Gallo katika The Fantasticks, igizo la nyimbo. 1969 akabeba Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani. 1975 akawa wakili Billy Flynn katika igizo la Chicago. Nafasi ya Briscoe ilimkuta 1992, keshavuka hamsini. Saratani ilimchukua Desemba 2004. Macho yake aliyaacha yatolewe, na watu wawili wakapata kuona.