Kitanda cha Mwanga pale Barbican

Nilikwenda kuona kazi ya Robert Wilson, mwongozaji wa michezo ya jukwaani, kwa sababu ya kigugumizi.

Ninacho tangu utotoni. Herufi b na p ndizo zinazonikaba zaidi, na kadiri mtu anavyonikodolea macho ndivyo zinavyozidi kukaba. Sekondari nilipenda maigizo kuliko somo lolote, lakini mwalimu aliyesimamia mchezo wa shule alinipa kazi ya kuvuta pazia, mwaka ule na mwaka uliofuata. Niliyajua mazungumzo ya wahusika wote kwa moyo. Nilikuwa nayasema nikiwa peke yangu njiani kurudi nyumbani, na huko hayakunikwama hata kidogo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa London kwa shangazi yangu, nilisoma katika kitabu cha maktaba kwamba mwongozaji wa Kimarekani ambaye kumbi kubwa za Ulaya zilikuwa zikimgombania alikuwa mtoto asiyeweza kusema vizuri. Wilson alizaliwa Waco, Texas, mwaka 1941. Alipofika miaka kama 17 alikutana na mwalimu wa dansi, mama mtu mzima aitwaye Byrd Hoffman, ambaye alimwambia apunguze haraka, aulegeze mwili na kuyapa maneno muda wake. Ulimi ukaanza kufunguka. Mwaka 1968, alipounda kundi lake la kwanza la sanaa New York, alilipa jina la mwalimu huyo.

Nilisoma ukurasa ule mara nyingi. Mimi nimekua nikiambiwa "haya, sema basi!", au nikimaliziwa sentensi na watu wanaonipenda. Shangazi, Mungu ampe umri mrefu, ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote kunimalizia. Nikianza "naomba p...", yeye tayari ameshanishika mkono na pesa ameshazitoa, hata kama nilitaka pilipili.

Basi Mei 2012 zikaenea habari kwamba Einstein on the Beach, opera ambayo Wilson aliitengeneza pamoja na mtunzi wa muziki Philip Glass, inakuja ukumbi wa Barbican. Ilikuwa imeoneshwa kwa mara ya kwanza Avignon, Ufaransa, Julai 1976, na katika miaka yote 36 iliyofuata haikuwahi kukanyaga Uingereza. Mwenzake shangazi wa kazini alikuwa na tiketi mbili za viti vya juu kabisa, akapata dharura. Shangazi akazichukua. "Tutakwenda wote, baba," aliniambia. "Mimi mambo ya Einstein siyajui, lakini muziki ni muziki."

Nilikuwa nimemweleza mapema kwamba mchezo huo unachukua zaidi ya saa nne na hauna mapumziko. Mtu akichoka anatoka, anakunywa chai, anarudi akipenda. Nilidhani atakataa. Yeye amezaliwa Tanga, amekesha kwenye harusi na ngoma zisizo na idadi. Akanitazama kama nimemweleza jambo la kawaida kabisa. "Sasa ngoma gani ambayo watu hawatoki kwenda kunywa chai?"

Tulipoingia tulikuta mchezo umeshaanza, au tuseme ulikuwa unaendelea bila kutungoja. Watu walikuwa bado wanatafuta viti vyao, taa za ukumbini zinawaka, na kule jukwaani, pembeni, wanawake wawili wameketi nyuma ya meza ndogo. Wamevaa mashati meupe na suruali zenye kanda za mabegani, kama Einstein, yule mwanasayansi, anavyoonekana kwenye picha zake. Vidole vinatembea hewani polepole. Midomo inahesabu tarakimu kwa sauti ya chini, na kinanda kinashikilia noti nzito zinazoshuka moja baada ya nyingine. Mmoja wao, Helga Davis, ni mwanamke mweusi mwenye uso mtulivu ajabu. Shangazi alimwangalia muda mrefu, kisha akaninong'oneza, "Huyu hana haraka na mtu."

Hakuna hadithi ndani ya opera hii. Hakuna mahali ambapo Einstein anazaliwa, anasoma, anavumbua. Kuna treni, kuna mahakama yenye kitanda katikati, kuna uwanja wa wazi na chombo cha angani. Picha hizo zinarudi zikiwa zimebadilika, na kati yake kuna vipande vifupi vitano vya kuunganisha. Kwaya haiimbi maneno, inaimba tarakimu na majina ya noti. Maneno machache yaliyopo, mengi aliyaandika Christopher Knowles, kijana aliyekuwa na matatizo ya ubongo tangu kuzaliwa na ambaye watu walimwona hana la kusema. Wilson alisikia kanda ya sauti yake, akavutiwa na jinsi anavyoyapanga na kuyarudia maneno, akamleta jukwaani. Mstari wake wa mwanzo unazungumzia upepo wa kuisukuma mashua. Mimi niliyekulia Bagamoyo, ambako watu wazima huamka na kuangalia bahari kabla hawajasalimiana, nilishtuka kuusikia katikati ya London.

Kabla ya Knowles alikuwapo Raymond Andrews. Mwaka 1968, huko New Jersey, Wilson alimkuta polisi akitaka kumpiga mtoto mweusi wa miaka 13. Akaingilia kati, na baadaye akagundua kwamba mtoto yule ni kiziwi na hajasomeshwa. Alimchukua akamlea. Mtoto alikuwa anafikiri kwa picha na kuzichora, na kutokana na picha hizo wakatengeneza Deafman Glance, mchezo wa saa nyingi usio na mazungumzo, ulioitikisa Paris mwaka 1971. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko tuzo zote alizopata. Watu ambao kila mtu alikuwa anataka kuwarekebisha, yeye aliketi nao akajifunza wanavyoona.

Treni ilipoingia ndipo nilipoelewa anachokifanya na muda. Ni kichwa cha treni cha zamani, kikubwa, kinachojitokeza upande mmoja wa jukwaa kwa mwendo mdogo sana. Juu, kwenye mnara, mtoto amesimama akirusha ndege za karatasi. Mchezaji dansi mmoja anakwenda mbele na kurudi nyuma kwa mstari wa mshazari, mbele na nyuma, bila kuchoka. Dakika kumi za mwanzo nilisubiri kitu kitokee. Baada ya hapo nikaacha kusubiri, nikaanza kuona: bega lake moja linatangulia, mkono unabadilika kidogo kila anaporudi, ndege ya karatasi inatua karibu na mguu wake naye haitazami.

Wilson alisomea usanifu wa ndani wa majengo katika chuo cha Pratt, Brooklyn, na jukwaa lake linaonesha. Alianza na michoro, jukwaa zima kwenye karatasi, kabla ya neno lolote. Mazoezini waigizaji walijifunza kwanza kutembea, kugeuka na kusimama, kwa kuhesabu, kimyakimya, na maneno yakaja baadaye. Taa zilipangwa kwa saa na saa, hadi mwanga wa kidole kimoja. Hakutaka mwigizaji amwoneshe mtazamaji namna ya kujisikia. Wapo wanaosema aliwageuza waigizaji kuwa maumbo, na katika onesho la kwanza la mahakama, lililonichosha, niliona wanachokisema. Hapo ndipo shangazi alipokwenda zake kunywa chai.

Alipokuwa nje, kwaya ilirudi kwenye tarakimu. Moja mpaka nne, moja mpaka sita, moja mpaka nane, mbiombio, zikipishana. Nikajikuta nazisema pamoja nao kwa Kiswahili, chinichini: moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne tano sita. Hakuna iliyokwama. Najua kuna maelezo. Mwenye kigugumizi akisema pamoja na wengine, au kwa mapigo, mara nyingi ulimi hufunguka. Lakini mwili wangu haukujali maelezo. Jirani yangu wa kulia, mzee wa Kiingereza, alinigeukia, na badala ya kuninyamazisha akatabasamu na kuanza kugonga kidole kwenye goti lake.

Shangazi alirudi, akauliza nini kimepita. Nikamwambia: wamehesabu.

"Na treni?"

"Bado."

Akaketi akiwa ameridhika.

Kilichonimaliza ni kitanda. Karibu na mwisho jukwaa linabaki tupu kabisa, giza, na chini kuna mstari mmoja mnene wa mwanga uliolala, mrefu kama kitanda. Kinanda kinapiga peke yake. Kisha ncha moja ya mwanga inaanza kuinuka, taratibu kiasi kwamba ukiitazama huioni ikienda. Ukipepesa macho ndipo unagundua imesogea. Sauti ya mwanamke inaingia bila neno lolote. Mwanga unasimama wima, unabaki hivyo, halafu unapanda juu mpaka unatoweka darini. Hakuna mtu jukwaani kwa zaidi ya dakika kumi. Ukumbi mzima ulitazama taa moja ikinyanyuka, na mimi nilikuwa nalia, na shangazi alikuwa amenishika mkono kwa nguvu.

Einstein on the Beach ilipooneshwa Metropolitan Opera ya New York Novemba 1976, kwa usiku mbili tu, ukumbi ulijaa. Hata hivyo Wilson na Glass waliondoka na deni kubwa, na Glass akarudi kuendesha teksi. Nilimsimulia shangazi hayo tukiwa tunatembea kuelekea stesheni, usiku umeshakuwa mkubwa. Nilikwama kwenye neno "Brooklyn" nikakaa hapo. Alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga, akaendelea kutembea pembeni yangu, mkoba begani, mpaka nilipolimaliza neno mwenyewe na kuendelea.

Kisha akaniuliza kile kitanda kilikuwa nini.

Nikamwambia kwamba Wilson hapendi kueleza. Watu wamemuuliza miaka yote na yeye hatoi jibu, anasema kazi ya msanii ni kuuliza, na mtazamaji yuko huru kuona anachokiona.

"Ile ni roho ya mtu inaondoka," alisema shangazi. "Nimekaa na mama yangu siku yake ya mwisho, naijua."

Nikajaribu kumweleza kwamba pengine ni nuru tu, kwamba Einstein alishughulika na nuru maisha yake yote, kwamba kitanda ni cha mahakamani na kilionekana tangu mwanzo.

"Yeye si hataki kusema?"

"Hataki."

"Basi nimesema mimi," akajibu, na mabishano hayo tulikwenda nayo hadi tukashuka kituo chetu.