Ya kulia inakufa, ya kushoto inanitazama tu

Wiki tatu zimeniishia kwenye mashine moja ya boti, na mpaka leo nikikumbuka najicheka mwenyewe.

Boti yangu ni ile ya faiba ya futi 23, inalala Sahare hapa Tanga, nyuma ina Yamaha mbili za HP 40, zile za zamani za kuchanganya petroli na oili, kila mashine na tenki lake la plastiki. Siku hiyo tunapeleka wageni kisiwa cha Yambe, watu tisa na deli la barafu na mazagazaga yao, upepo wa kusi umeshaanza kukaza unatupiga usoni, tumetoka nje ya ghuba vizuri tu mara nasikia usukani unanivuta kulia. Nikasema mkondo huu. Dakika mbili baadae mwendo ukashuka, boti ikakaa majini kama jahazi lililobeba boriti, na mlio wa mashine zote mbili ukawa mzito. Kijana wa dada yangu ambae ndo baharia wangu akanambia, mjomba zote mbili zimechoka, petroli mbovu hii. Na mimi nikakubali, manake masikio yangu yalisikia hivohivo.

Tulifika Yambe kwa kujikokota. Kurudi tukapeleka na upepo mgongoni, tena polepole, na kwa mwendo ule mashine zote zilikuwa nzima kabisa, hata kupiga chafya hakuna.

Sasa kosa la kwanza ndo hilo la kusema zote mbili. Usukani ulishaniambia ni ya kulia, sikusikiliza tu. Mashine ya kulia ikilegea, ya kushoto inasukuma zaidi na boti inageukia kulia, huko kwa mgonjwa. Halafu mgonjwa akizidi boti inashindwa kuinuka juu ya maji, inazama kitako, na ile nzima inabaki peke yake kusukuma mzigo wa wawili, lazima resi zake, yaani kasi ya kuzunguka, zishuke nazo. Ukisikiliza unaona zote zinaumwa, kumbe mmoja anaumwa na mwenzie amebebeshwa.

Mi nikaenda kugombana na alieniuzia petroli. Kabla sijafika nikapata akili kidogo, nikamimina petroli ya tenki la kulia kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa nikaiacha usiku kucha, manake maji ni mazito kuliko petroli, kama yamo utayaona chini yamejitenga. Asubuhi chupa safi, rangi moja juu mpaka chini. Nikarudi nyumbani kimyakimya.

Nikaita fundi. Kijana mmoja hivi, simtaji, ana maneno matamu na mkoba wa spana mzuri. Akaivua mashine ya kulia akaileta kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, akapiga kamba mara mbili ikawaka, inakojoa maji ya kupoza vizuri, akasema plagi hizi zimechoka. Plagi mbili mpya. Tukaenda baharini, dakika kumi hivi, ikafa. Akasema koili, ile ya kupeleka moto kwenye plagi. Koili ikanunuliwa, tena siyo bei ya kuchekea. Kwenye pipa inaimba kama kinanda, baharini dakika kumi, chali. Akafungua kabureta, akasafisha jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, akarudisha. Pipa safi, baharini chali. Akaanza kutaja sidiai, kile kiboksi cha umeme wa kuwashia, na hapo nikaona sasa huyu atanifilisi, nikamlipa ya siku nikamwambia nitamuita.

Pipa linadanganya jamani. Mashine ndani ya pipa haina mzigo, inakunywa mafuta kidogo sana, hata njia ya mafuta ikiwa imeziba nusu itapata ya kuitosha. Kukosa nguvu ni ugonjwa wa mzigo, utauona boti ikiwa na watu na mkono wa mafuta umevutwa mpaka mwisho.

Basi ikabidi niende kwa mzee mmoja pale Deep Sea, fundi wa zamani, siku hizi macho hayaoni vizuri lakini masikio yapo. Nikampa shikamoo nikamueleza yote, plagi, koili, kabureta. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akauliza kitu kimoja tu: "Hiyo ya kushoto, ulishawahi kuiazima kitu?"

Nikamwambia mzee sijaelewa. Akasema, mwanangu wewe Mungu kakupa mashine mbili za aina moja, umri mmoja, boti moja, maji mamoja. Mwenye mashine moja ndo wa kubahatisha. Wewe toa cha kushoto weka kulia, toa cha kulia weka kushoto, ugonjwa ukihama umeshaupata na hujanunua kitu.

Kesho yake tukatoka nae, mimi na kijana na mzee amekaa tezi karibu na mashine, na viroba vya mchanga badala ya wageni. Kwanza akataka tuinue ya kushoto nje ya maji, twende na ya kulia peke yake, mkono wote. Mashine moja haiwezi kuiinua boti ile, inalemewa, lakini yeye alikuwa anasikiliza resi tu. Alafu tukageuza, ya kulia juu, ya kushoto peke yake, njia ileile. Akasema dakika za mwanzo zinalia sawa. Kwa hiyo kompresheni (mgandamizo wa ndani) ipo, moto wa plagi upo, pangaboi ya kusukuma maji haitelezi. Hapa alinichekesha, akanambia angalia hiyo pangaboi, ndani ina mpira ulioibana, mpira ukichoka mashine inapiga kelele resi juu na boti haiendi, na watu wanafungua injini nzima kwa ajili ya kampira. Akapiga mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu cha ndani mpaka sehemu ya nje ya pangaboi, kama inateleza mstari utaachana. Tulivorudi mstari ulikuwa umenyooka.

Tukashusha zote mbili tukavuta mkono. Dakika ya tisa au ya kumi, usukani ukaanza kuvuta kulia. Mzee akamwambia kijana, shika hiyo pampu ya mpira, minya. Ile pampu ya kuminya kwa mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta. Kijana akasema, babu imenyonyewa, imekuwa bapa kama chapati! Minya hivohivo. Akaminya mara tano sita kwa nguvu, na mashine ya kulia ikaamka, mlio ukapanda, boti ikainuka. Akaacha kuminya, ikalala tena. Jamani nilitaka kulia, plagi na koili vyote vile.

Mzee akasema pampu ingebaki imejaa na ngumu tungetafuta mbele yake, kwenye chujio la mashine, kabureta na huko. Ikiwa bapa maana yake mashine inavuta lakini nyuma hakuna kinachokuja, yaani kizuizi kipo kati ya pampu na tenki. Cha kwanza pumzi ya tenki. Kile kiskrubu juu ya kifuniko kikifungwa hewa haiingii, petroli inatoka mpaka inashindwa kutoka. Chetu kilikuwa wazi, ila akatufanya tufungue kifuniko chote kuhakikisha. Ikafa vilevile. Basi siyo pumzi. Tukabadilisha matenki, mpira wa kulia ukaenda tenki la kushoto na wa kushoto ukaenda tenki la kulia. Tukavuta. Dakika kumi, usukani ukavuta kushoto! Ya kulia inapiga kazi kama mpya.

Ugonjwa umehama. Tenki.

Ufukweni tukalimwaga lile tenki kupitia kitambaa, taratibu, na mwishoni kabisa kikatoka kipande cha mfuko wa nailoni ukubwa wa kiganja, cheusi, laini kwa kukaa kwenye petroli. Mnajua kile kinailoni tunachoweka chini ya kifuniko cha dumu ili lisivuje kwenye bodaboda? Ndo hicho, kimekatika kikaingia wakati wa kumimina. Kinakaa tu humo ndani, mwendo wa polepole hakina neno, ukivuta mkono mashine inakunywa kwa nguvu kinavutwa mpaka kinajibandika kwenye chujio la bomba la kuvutia, ukipunguza kinaachia. Ndo mana pipani hauoni kitu.

Kijana akaniangalia, mimi nikaangalia bahari. Dumu lile nilifunga mwenyewe.

Kilichomuudhi mzee hata siyo nailoni, ni ile safari ya Yambe. Mashine za mchanganyiko oili inaingia ndani ya petroli, ukikosa petroli umekosa na oili, na kuna mtu kama mimi anaendelea kuvuta mkono kwa sababu wageni wanachelewa samaki wa kuchoma. Hivo ndo pistoni inavoshika ikagoma kabisa. Zangu ni petroli 50 kwa oili 1, dumu la lita 20 linataka oili mililita 400, mi nilikuwa naweka kwa macho, sasaivi nina kopo la kupimia (yako angalia kitabu chake, zipo zenye kipimo kingine). Tulichungulia plagi za kulia, zile mpya, zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe wakati za kushoto ni rangi ya kahawia. Ilikuwa inaungua kwa njaa.

Na kila tenki libaki na mashine yake. Jamaa yangu wa Pangani alikuwa anaendesha mbili kwa tenki moja, anasema ni rahisi kujaza, siku maji yalipoingia kwenye petroli zikazima zote mbili pale mdomoni mwa mto, mahali ambapo hata moja ungeililia. Alitolewa na wavuvi wa ngalawa.

Nailoni nimepiga marufuku, tunamimina kwa faneli yenye wavu. Ila ile kabureta iliyofunguliwa bure imeanza kudondosha petroli pembeni, nadhani gasketi ilirudishwa vibaya, hiyo nitaishughulikia Jumamosi. Na koili mpya ya HP 40 ipo kabatini, haijafanya kazi hata saa mbili, mwenye shida nayo anitafute tuelewane.